Usiku wa Mombasa na Usiku wa Kwetu

Wahenga walinena, tembea uone. Mimi nililelewa Eldoret, na kwa miaka mingi niliamini kwamba usiku una mambo mawili tu: kulala au kulewa. Likizo ya majuma mawili mjini Mombasa iliivunja imani hiyo.

Msomaji asidhani kwamba ninavisifu vilabu vya Nyali na Mtwapa, kwani densi na pombe hata kwetu zimejaa tele. Ninazungumzia Mji wa Kale. Baada ya sala ya isha, vichochoro vilivyo karibu na Ngome ya Yesu huwa ndipo kwanza vinaamka. Muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili watu wamsikie. Pale penye viazi karai na mihogo ya kukaanga, kina mama huketi na watoto wao pasi na wasiwasi. Wazee nao hukaa barazani wakibishana kuhusu siasa, kandanda na maana za maneno. Nilipomwamkia mmoja wao, "Shikamoo, mzee," alinijibu, "Marahaba, mwanangu, kaa kitako." Nikakaa hadi saa tano, na gharama yangu ilikuwa vikombe viwili vya kahawa chungu na kashata.

Hapo ndipo nilipotanabahi jambo linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Baraza, katika asili yake, ni kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba ili mgeni na jirani wapate pa kukaa. Sisi wa bara tumelipokea neno hilo, lakini kwetu baraza ni mkutano wa chifu: huitishwa mchana, watu wakaketi nyasini na kusikiliza. Tulichukua neno, tukakiacha kiti.

Yamkini mtu atasema kwamba Eldoret, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni baridi mno kwa maisha ya aina hiyo. Sikubaliani naye. Baridi hudai moto, na Uasin Gishu ndilo ghala la mahindi la nchi hii. Mahindi ya kuchoma na chai ya tangawizi vingetosha kutukusanya, lau wauzaji wangetengewa mahali penye taa na viti.

Wengine watataja usalama. Ni kweli, na Mombasa yenyewe si pepo: ipo mitaa ambayo wakazi wake hufunga milango mapema kwa kuwahofia vijana wenye mapanga. Hata hivyo, njia tupu haijawahi kumlinda mpita njia. Amri ya kutotoka nje usiku, iliyodumu kuanzia tarehe 27 Machi 2020 hadi 20 Oktoba 2021, ilituonyesha jinsi barabara isiyo na watu inavyotisha. Macho ya majirani walioketi nje ni ulinzi. Katika miji yetu mingi ya bara, msichana anayetoka maktabani saa mbili usiku huulizwa anatafuta nini nje, ilhali mlevi haulizwi chochote. Tumewaachia walevi usiku mzima, kisha tunalalamika kwamba usiku ni wa walevi.

Kwa hivyo ninatoa rai kwa chama chetu. Vikao vyetu vya mashairi na mijadala aghalabu hufanyika mchana, katika kumbi za mihadhara. Kwa nini tusivihamishie nje jioni, chini ya taa, tukamwalika muuza chai, dereva wa matatu na mama wa sokoni? Lugha tunayoisoma vitabuni hukua vinywani mwa watu walioketi pamoja bila haraka.

Niliufurahia usiku wa Mombasa, sikatai. Lakini mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ningependa siku moja mgeni kutoka pwani afike Eldoret usiku, aamkie, naye aambiwe kaa kitako.