Tovuti ya madrasa na mwenye ufunguo wake



Barua iliyonifikia juma lililopita imetoka Ifakara, kwa mama mmoja ambaye ni katibu wa kamati ya madrasa yenye bweni la mayatima. Ameniruhusu niieleze habari yake madhali sitaitaja madrasa yenyewe. Miaka minne iliyopita kijana mmoja wa mjini hapo, kwa nia njema na bila kudai malipo, aliwatengenezea tovuti. Iliwekwa historia ya madrasa, picha za watoto, na nambari ya simu ya kupokelea zaka na sadaka. Kisha kijana akapata kazi mbali, akabadili laini, na tovuti ikabaki bila mtu wa kuigusa. Mwezi wa Shaabani, mfadhili wao aliyeko Muscat alimpigia mama huyo simu kwa fadhaa. Alikuwa amefungua ukurasa wa michango na kukuta matangazo ya kamari yamebandikwa juu ya nyuso za mayatima.

Kamati ilipotaka kuyaondoa iligundua mambo mawili. Hapakuwa na mwanakamati hata mmoja aliyekuwa na neno la siri. Na jina la tovuti lenyewe halikuandikishwa kwa madrasa, bali kwa yule kijana.

Sasa mama anauliza: tukianza upya, tutumie programu ipi? Amewauliza wataalamu watatu, na kila mmoja amempa jibu lake.

Programu anazozikusudia ni mifumo ya kusimamia maudhui ya tovuti. Zamani, aliyetaka kubadili tangazo la kufungua muhula alilazimika kumwita fundi ajuaye lugha za kompyuta. Mfumo wa namna hii humwezesha ustadhi kuingia kwa neno lake la siri, akaandika kama aandikavyo barua, akabonyeza, na maandishi yakaonekana duniani kote. Aliyotajiwa mama ni WordPress, Joomla na Drupal. Yote matatu hutolewa bure, na msimbo wake uko wazi kwa kila atakaye kuusoma na kuubadili. Gharama huja kwingine: kukodi nafasi katika seva, ada ya jina la tovuti kila mwaka, na ujira wa fundi.

Nianze na Joomla, kwa kuwa jina lake ni letu. Walioliteua walilitoa katika neno la Kiswahili jumla, neno lile lile la wanaonunua mpunga wa bonde la Kilombero kwa magunia, wakaliandika kwa tahajia ya Kiingereza. Sisi nasi tulikuwa tumelipokea kutoka Kiarabu, basi safari yake imekuwa ndefu. Joomla ilizaliwa mwaka 2005 kutokana na programu iliyotangulia iitwayo Mambo; msomaji asidhani natania, ndivyo ilivyoitwa. Jina la Mambo lilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya Australia. Kampuni hiyo ilipounda taasisi ya kuiongoza programu, waandishi wake waliona hawakupewa nafasi ya kutosha katika uamuzi, wakaondoka kwa pamoja na kuanza upya kwa jina jipya. Waliweza kuondoka na kazi yao kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Jina walilazimika kuliacha.

Nimekisimulia kisa hicho kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kilichoipata madrasa ya Ifakara kwa kipimo kidogo. WordPress, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, nayo haikusalimika. Septemba 2024 Mullenweg aligombana hadharani na kampuni ya WP Engine, inayohifadhi tovuti za wateja wengi, na kampuni hiyo ikafungiwa mlango wa kupokea masasisho kutoka hazina kuu ya WordPress. Shauri likafika mahakamani. Wateja, ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote, ndio waliokuwa wakiamka na kukuta tovuti zao hazisasishwi.

Kwa hiyo, dada yangu, swali la nani ameshika ufunguo hutangulia swali la programu ipi. Jina la tovuti liandikishwe kwa madrasa kama taasisi, kwa barua pepe ya taasisi, si ya mtu. Ikiwezekana liwe chini ya .tz, ambako mtu wa Ifakara akipata tatizo anaweza kulifuatilia ndani ya nchi kwa nyaraka na mihuri anayoielewa. Maneno ya siri yashikwe na watu wawili wa kamati wasiotoka nyumba moja, na nakala iwekwe katika bahasha iliyofungwa, pale pale zinapowekwa hati za kiwanja. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Sioni kwa nini mali ya mayatima ipewe uangalizi mdogo kuliko mkopo wa dukani.

Nikirejea kwenye programu, nitasema ninavyoona. Drupal, aliyoianzisha Mbelgiji Dries Buytaert na kuitoa mwaka 2001, ni imara na hubeba tovuti kubwa kubwa, lakini humtaka fundi aliyeisomea hasa. (Nayo ina kisa cha jina. Buytaert alikusudia neno la Kiholanzi lenye maana ya kijiji, akakosea herufi, na mwisho wake likatoka jina lenye asili ya tone la maji.) Kwa madrasa yenye kurasa nane ni kama kukodi lori kubeba kikapu. Joomla iko katikati. Ina sifa moja inayotuhusu: uwezo wa kuendesha tovuti ya lugha mbili, kwa mfano Kiswahili na Kiarabu, umo ndani yake, ilhali WordPress huhitaji programu ya nyongeza kwa kazi hiyo. Hata hivyo, WordPress huendesha zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani. Kwa mji kama Ifakara faida yake kubwa ni kwamba fundi mmoja akihama, wa pili hupatikana, akiwa Morogoro ama hata miongoni mwa vijana waliomaliza chuo. Kama mfumo wa aina hii unahitajika, ningewashauri WordPress, yenye nyongeza chache mno.

Nasema chache kwa sababu nyongeza ndiyo milango ambayo wezi wengi huipitia. Wale wa kamari hawakuichagua madrasa kwa chuki ya dini. Mashine zao huzunguka usiku na mchana zikibisha hodi katika mamilioni ya tovuti, na penye programu iliyochakaa huingia. Kila toleo lina mwisho wake: Joomla ya 3 iliacha kuhudumiwa Agosti 2023, na Drupal ya 7 Januari 2025. Anayechagua mfumo wowote kati ya hii mitatu amejifunga kuusasisha na kuweka nakala ya akiba kila mwezi, Ramadhani na masika pia.

Kama hakuna wa kubeba ahadi hiyo, lipo jibu la nne ambalo wataalamu wa mama hawakulitaja, labda kwa kuwa halina ujira mnono. Ni kuacha mfumo kabisa. Kurasa chache zilizoandikwa mara moja, zisizo na hifadhidata wala mlango wa kuingilia, hazichakai upesi, na mwizi hupata pachache pa kushika. Madrasa inayobadili habari zake mara mbili kwa mwaka inaweza kumwita fundi mara hizo mbili. Kurasa hizo pia ni nyepesi. Mzazi aliyeko Malinyi au Mlimba hufungua tovuti kwa simu na bando la kuhesabu. Picha 10 za megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 40, na baba huyo alitaka tu kujua tarehe ya kufungua bweni.

Kuhusu picha za watoto, mama hakuuliza, lakini sitaliacha. Watu wa Ifakara wameishi na watafiti wa afya tangu miaka ya 1950. Wamezoea kusomewa fomu ya ridhaa kabla mtoto hajatolewa tone la damu, na wanajua wana haki ya kukataa. Iweje basi sisi, kwa jina la sadaka, tuweke uso wa yatima, jina lake na habari ya kifo cha wazazi wake mbele ya dunia nzima bila kumuuliza mlezi wake? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto na za imani ya dini katika fungu la taarifa nyeti. Picha ya jengo, ya vitabu, au ya mikono iliyoshika juzuu yatosha kumshawishi mfadhili.

Yule kijana naye asihukumiwe kwa haraka. Alitoa alichonacho, na kamati ilipokea bila kuuliza ufunguo uko wapi. Katika ujumbe wake wa mwisho mama ameniarifu kwamba wamempata kupitia kwa shangazi yake aliyeko Mang'ula. Amesikitika sana kwa yaliyotokea, na ameahidi kulihamisha jina la tovuti kwa madrasa baada ya swala ya Ijumaa.