Msisubiri Baraza, Ndugu Zangu wa Namanyere

Leicester, Uingereza

 

Habari za binti yetu aliyerudi nyumbani na mtoto mgongoni zimenifikia. Nasikia kikao kilikaa hadi usiku, kila upande na mshenga wake, kikitafuta mkosaji. Kwamba binti hapati usingizi miezi yote hii na moyo unamwenda mbio, hakuna aliyeuliza. Wala hakuna aliyemuuliza mkwe wetu kwa nini ameacha kuongea tangu mahindi yaishie kwenye deni la mbolea.

Sasa mnasema liende baraza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 101, inataka hivyo: kwa kawaida mahakama haipokei maombi ya talaka kabla baraza la usuluhishi halijajaribu na kushindwa. Ni sheria nzuri, ila baraza huwapokea watu wakiwa wameshafungasha mizigo.

Huku Uingereza, tangu 2008 kuna huduma ya serikali ya ushauri nasaha ambayo mtu hujipeleka mwenyewe. Mimi nilikwenda. Mshauri hakunipa dawa wala hakuniuliza nani kaniroga (angejua natoka mkoa wa Rukwa, labda angeuliza). Alinipa karatasi niandike saa ambayo kifua kinabana na nilichokuwa nawaza. Mara nyingi ilikuwa baada ya meseji ya kuombwa hela. Sisemi msiombe. Nilijifunza kujibu "mwezi huu sina" na kulala.

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Harare, kuanzia 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo, kisha kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti wa watu 573, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nako benchi hilo limefika. Bibi wa kusikiliza Ufipa tunao. Mafunzo ndiyo hatujawapa.

Wakati tukingoja, halmashauri ya Nkasi ina ustawi wa jamii. Kazi yao si watoto waliotelekezwa tu, hata wanandoa wanaogombana huwapokea. Kama kuna kipigo, msisuluhishe kwanza. Nendeni dawati la jinsia polisi. Anayesema amechoka kuishi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na acheni kumtisha mtu kwa jina la Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma inatibu watu, si jela ya kutishia watoto.

Mama mkubwa, nakuomba umpeleke binti ustawi wiki hii. Mkwe aende naye. Akikataa, binti aende peke yake.