Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Mkoa wa Maniema kuhusu Wazee wa Lusangi na Maumivu ya Miguu Yatokayo Mgongoni

Mheshimiwa Waziri,

Barua hii inawahusu wazee wa kanda ya afya ya Lusangi, wilayani Kabambare, pamoja na wenzao wa Kasongo, ambao miguu yao huuma, hufa ganzi au hulegea kila watembeapo mwendo mfupi, ilhali chanzo cha mateso hayo hakimo miguuni bali kimo kiunoni. Ombi lake ni kwamba fiziotherapia, ambayo katika hospitali za Kongo huitwa kinesiterapi, yaani tiba itumiayo mazoezi, mikao ya mwili na mafunzo ya namna ya kutembea na kubeba mizigo, iingizwe katika huduma za kawaida za kituo cha afya cha kijijini badala ya kuachiwa hospitali za mbali.

Kadiri umri unavyosonga, diski, yaani vile visahani laini vinavyotenganisha pingili za uti wa mgongo, hukauka na kusinyaa, viungo vya nyuma ya pingili huota vijifupa, na kano zinazozishikilia pingili hizo hunenepa, hata mfereji wa katikati unaopitisha mishipa ya fahamu iendayo miguuni ukawa mwembamba. Mtu anaposimama wima au kuteremka mlima, mfereji hubanwa zaidi na mishipa hukosa nafasi na damu ya kutosha. Anapoketi au kuinama mbele, mfereji hupanuka kidogo na maumivu hupungua. Ndiyo maana mzee asiyeweza kutembea hadi shambani huweza kufika mbali zaidi akiinamia baiskeli na kuisukuma, jambo ambalo jamaa zake wanaweza kulidhania kuwa kisingizio, lakini ambalo kwa mwuguzi makini ni dalili kubwa, tena isiyogharimu chochote.

Mahali pasipo na mashine za kupiga picha za ndani ya mgongo, maswali kuhusu mambo kama hayo ndiyo chombo chenyewe cha uchunguzi. Mtu ambaye mishipa ya damu ya miguu yake imeziba hupata nafuu kwa kusimama tu, na mapigo ya damu unyayoni mwake huwa hafifu, ilhali mwenye mfereji mwembamba hana budi kuketi au kuinama. Wapo pia wasiostahili kuanzishiwa mazoezi kabla ya kuonwa na daktari: anayekonda, mwenye homa na kibyongo kinachochomoza, kwa kuwa kifua kikuu hushambulia pingili pia; na aliyeshindwa ghafla kuzuia mkojo au aliyekufa ganzi sehemu za siri, ambaye ni wa kufikishwa hospitali kuu ya rufaa siku hiyo hiyo, hata kama chombo kilichopo ni pikipiki.

Dawa kama diklofenaki na indometasini hutuliza, lakini haziupanui mfereji, na mzee anayezimeza miezi na miezi huweza kupata vidonda vya tumbo, kudhurika figo na kupandishwa shinikizo la damu. Kumwambia alale tu ni kumdhuru kwa njia nyingine, kwa sababu msuli usiotumika hunyauka upesi uzeeni na kuurudisha ni kazi ndefu.

Nchini Uingereza, utafiti uitwao BOOST uliwafuatilia watu 438 wenye miaka 65 na zaidi waliokuwa na maumivu ya aina hii, ambapo waliofanya mazoezi kwa vikundi, vipindi 12 katika wiki 12, walilinganishwa na waliopewa ushauri wa mtaalamu peke yake. Ni haki matokeo yasemwe yote: baada ya mwaka mmoja kipimo kikuu cha ulemavu hakikuonyesha tofauti kati ya makundi hayo, ila waliofanya mazoezi walitembea mbali zaidi na kupungukiwa na hatari ya kuanguka. Kwa mzee wa Lusangi, ambaye maji, shamba na soko vyote anavifuata kwa miguu, hilo si jambo la pembeni. Mazoezi yenyewe yanahitaji mkeka, benchi na kivuli: mzee hulala chali na kuvuta magoti kifuani, hukaza misuli ya tumbo, huinuka benchini na kuketi tena bila kujisukuma kwa mikono, kisha hutembea hadi maumivu yaanze, huketi yatulie, na kuanza upya.

Maniema haikosi mfano wake wa kazi kama hii kukabidhiwa wauguzi. Katika miaka ya 1970, Kasongo ilikuwa mahali ambapo madaktari wa nchini na wenzao wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga mtandao wa vituo vya afya vilivyoendeshwa na wauguzi wakifuata miongozo iliyoandikwa, huku hospitali ikiwaunga mkono, na mafunzo ya Kasongo yamesomwa mbali kuliko mipaka ya Kongo. Wauguzi waliweza kukabidhiwa kazi ambazo wengi waliamini ni za daktari. Hakuna sababu ya mwongozo wa kurasa chache kuhusu mgongo na miguu kuwashinda warithi wao. Lakini mwongozo bila msimamizi hufa, kwa hiyo kila hospitali kuu ya rufaa ya kusini mwa mkoa inastahili mkinesiterapi mmoja mwenye mshahara, atakayezunguka vituoni.

Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye umri mkubwa haki ya hatua maalumu za ulinzi zinazolingana na mahitaji yake ya mwili, na haki hiyo haiwezi kutekelezwa kwa wagonjwa wasiohesabiwa. Mzee akiandikwa rumatisi tu katika daftari la wagonjwa, maradhi yake hupotea ndani ya jina pana mno. Mheshimiwa Waziri anaombwa kuagiza safu moja iongezwe katika daftari hilo, ya maumivu ya miguu yatokayo mgongoni kwa wenye miaka 60 na zaidi, ikianzia Lusangi, ili Divisheni ya Afya ya Mkoa ipate hesabu ya kuiomba Kinshasa nafasi za kazi za wakinesiterapi hao katika bajeti ijayo.