Waraka kwa wazazi na makocha: tusiwaongezee watoto saa

Ndugu wanachama, wazazi na makocha wenzangu,

Muhula huu wazazi kadhaa wamenijia, kila mmoja kwa wakati wake, na ombi lile lile: mtoto wangu amekwama, mwongezee siku. Wengine wameshatafuta mtu wa kuwafundisha watoto Jumapili uani kwao, juu ya zulia. Na sisi makocha, mashindano yanapokaribia, tumeanza kula dakika za mapumziko. Naandika kuwasihi tuache.

Ombi hilo nalielewa linakotoka. Tumelelewa na tuisheni. Mtoto akishuka katika hesabu anaongezewa saa jioni, Jumamosi, hata likizo, na mara nyingine alama zinapanda. Lakini daftari halichoki. Jimnastiki mtoto anaifanya kwa mifupa ambayo bado inakua, na saa za ziada zinalipwa na mifupa hiyo.

Chukueni kupanda chuma, zoezi linalowaliza watoto wetu kuliko lolote. Mtoto ananing'inia, anabembea mbele mpaka mwili unanyooka wote, halafu anakunja nyonga na kuleta vifundo vya miguu kwenye chuma, kisha anakisukuma chuma chini, kinapita mapajani hadi kinatulia nyongani, mikono ikiwa imenyooka. Mambo ya sekunde chache. Anayetazama kwenye benchi anaona nguvu za mikono, basi anakwenda kumfungia mtoto bomba mlangoni. Nguvu zinatakiwa, na za tumbo hasa, ila kinachowachelewesha wengi ni kuvizia wakati. Akileta miguu kabla bembea haijafika mwisho, anaporomoka. Akichelewa kidogo, bembea imeshakufa na hakuna mkono utakaomwinua. Wakati huo mwili unaujifunza polepole, na unajifunza ukiwa haujachoka. Majaribio ya mwanzo yana faida. Baadaye viganja vimechubuka, tumbo limelegea, na mtoto anarudia kosa mpaka linakuwa mazoea, nasi tunapata kazi mpya ya kulifuta. Wapo wanaochukua mwaka mzima kulipata zoezi hili, na hakuna ubaya wowote kwao.

Wapo pia waliokuwa wanaweza na sasa hawawezi. Hawa ndio wanaoniumiza zaidi, maana nyumbani wanaambiwa wamezembea. Wasichana wengi wakifika miaka 11 au 12, na wavulana 13 au 14, urefu unaongezeka kwa kasi kubwa. Mwili mrefu unazunguka taratibu kuliko mfupi, kwa hiyo mruko ule ule uliomtosha mwaka jana kupiga pindu sasa unamwangusha magotini. Nguvu nazo zinachelewa kuufuata urefu. Mtoto wa namna hii anahitaji kupunguziwa mizunguko, apewe mazoezi ya nguvu na ya umbo, aachwe auzoee mwili wake mpya. Kumwongezea saa kipindi hicho ni kumtwika mzigo pale alipo dhaifu.

Na hapa ndipo majeraha yanapoingia. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna tabaka laini ambamo mfupa unarefukia. Michezo mingi haiubebeshi mkono uzito wa mwili. Wetu unaubebesha kila siku. Ndiyo maana tabaka la kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, huumia kwa wanajimnastiki wachanga. Mtoto hasemi. Utamwona tu akisimama kwa mikono anageuza vidole pembeni, au anaomba kusimama kwa ngumi. Mgongo wa chini unaouma akijipinda kwenda nyuma nao si wa kusuguliwa dawa na kurudishwa mkekani; unaweza kuwa ufa katika mfupa wa uti. Mzazi ampeleke mtoto kwa daktari wiki hiyo hiyo.

Kipimo tunachokitumia ni rahisi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Watafiti wa Marekani waliochunguza zaidi ya vijana 1,000 wa michezo mbalimbali, wa miaka 7 hadi 18, walichapisha matokeo mwaka 2015. Waliofanya mazoezi saa nyingi kuliko umri wao ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya majeraha makubwa ya kuutumikisha mwili kupita kiasi. Kwa mtoto wa miaka 9 hizo ni siku tatu za saa tatu tatu, na michezo ya shule imo humo humo.

Nitaambiwa mabingwa hawakulelewa hivyo. Ni kweli, wengi walifanya saa nyingi sana, na Nadia Comăneci alipata alama 10 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14. Lakini tunawaona waliofika tu. Uingereza waliposikiliza upande wa pili, ripoti ya wakili Anne Whyte ya mwaka 2022 ilijaa habari za watoto waliolazimishwa kufanya mazoezi wakiwa wameumia. Na umri hauna haraka tunayoidhania: tangu 1997 msichana haruhusiwi kushindana Olimpiki kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16. Simone Biles alitwaa ubingwa wa jumla Paris 2024 akiwa na miaka 27. Oksana Chusovitina, mzaliwa wa Uzbekistan, alishiriki Olimpiki nane, na medali yake ya fedha ya kuruka farasi, Beijing 2008, aliipata akiwa na miaka 33 na mtoto nyumbani. Kaylia Nemour wa Algeria, mwanajimnastiki wa kwanza kuiletea Afrika medali ya Olimpiki, alifanyiwa upasuaji wa magoti mwaka 2021, akapumzishwa, akarudi, akachukua dhahabu ya vyuma Paris.

Kwa hiyo nawaomba. Wazazi, acheni masomo ya Jumapili. Siku hiyo mtoto acheze, alale, aende kwa bibi yake. Msimlinganishe na mwenzake wa rika lake mbele yake. Makocha, tuandike saa za kila mtoto, tumuulize kuhusu maumivu kabla hajaanza kupasha mwili, na anayesema anaumwa asionekane mvivu.

Ratiba mpya imebandikwa mlangoni na inaanza Jumatatu. Hakuna mtoto atakayezidisha saa zake, hata anayejiandaa kwa mashindano. Mwenye neno aje tuzungumze kabla ya mazoezi, si mbele ya watoto.

Wenu,
Kocha wa kikosi cha watoto