Istilahi Zijaribiwe Kama Viendeshi vya Rimoti

Miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili vyuoni yamejengeka mazoea ya kuipima istilahi mpya kwa vigezo viwili tu: iwapo imeundwa kwa kufuata kanuni za mofolojia, na iwapo imechapishwa. Neno likishaingia katika orodha yenye Kiingereza upande wa kushoto na Kiswahili upande wa kulia, huhesabiwa kuwa limekamilika. Makala haya yanashikilia kwamba vigezo hivyo havitoshi, na kwamba kipo kielelezo bora zaidi mahali ambapo wasomaji wengi wa jarida hili hawangekitarajia, yaani katika namna watunzi wa programu wanavyovijaribu viendeshi vya rimoti ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta.

Inafaa kuanzia mbali na kompyuta, katika mji wa Kiserian, Kaunti ya Kajiado, chini ya Vilima vya Ngong, pale barabara ya Magadi inapokuwa imeupita mji wa Ongata Rongai na kuelekea Bonde la Ufa. Mji huu huwakutanisha Wamaasai walio wenyeji na Wakikuyu, Wakamba, Wakisii na wengineo waliohamia, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mapema mwaka 2015, matangazo ya televisheni ya analogia yalipozimwa nchini Kenya, nyumba yenye televisheni ya zamani ilihitaji king'amuzi ili kuendelea kupata picha, na pamoja na king'amuzi ikaingia rimoti ya pili. Rimoti huanguka, humwagikiwa chai, hutafunwa na watoto. Kazi ya fundi haikosekani.

Fundi wa miji kama huu ana jaribio lake mashuhuri. Huielekeza ncha ya rimoti kwenye kamera ya simu, hubonyeza kitufe, kisha hutazama kioo cha simu. Jicho la binadamu haliuoni mwanga wa infraredi, ila kamera nyingi za simu huuona, nao hujitokeza kama nukta nyeupe yenye rangi ya zambarau. Nukta ikimeta, fundi huridhika kwamba rimoti inatuma. Isipometa, hukagua betri, chemchemi za betri na mpira wa vitufe. Ni jaribio zuri, la haraka, lisilogharimu kitu. Hata hivyo linathibitisha jambo moja pekee, kwamba mwanga umetoka. Halielezi mwanga huo unasema nini. Rimoti ya king'amuzi cha kampuni nyingine nayo itameta vivyo hivyo mbele ya kamera, na king'amuzi kilichopo hakitaitikia hata kidogo.

Mwanga huo husema nini basi? Rimoti nyingi hutumia mtindo uitwao NEC, wenye jina la kampuni ya Kijapani. Mwanga hukatwakatwa takribani mara 38,000 kwa sekunde ili kipokezi kiweze kuutofautisha na jua na taa za nyumbani, ambazo pia hutoa infraredi. Ujumbe hufunguliwa kwa mmweko mrefu wa milisekunde 9, kikafuata kimya cha milisekunde 4.5, kisha zikaja biti 32. Sifuri na moja hazitofautiani kwa mmweko, kwa kuwa mmweko wa kila mojawapo una urefu uleule. Hutofautiana kwa kimya kinachofuata: kimya kifupi ni sifuri, kimya kirefu ni moja. (Mwanafunzi wa fonolojia na atabasamu hapa, katika lugha hii kituo ndicho kinachobeba maana.) Biti hizo 32 ni mafungu manne: anwani ya kifaa, kinyume cha anwani hiyo, amri, na kinyume cha amri hiyo. Kila jambo husemwa mara mbili, mara ya pili kwa kugeuzwa, ili kosa likitokea njiani lijulikane. Kiswahili nacho kina uangalifu unaokaribiana na huo. Katika sentensi "kiti kile kikubwa kimevunjika" dalili ya ngeli imerudiwa mara nne, na msikilizaji anayeikosa mahali pamoja kwa sababu ya kelele za matatu huipata mahali pengine.

Ving'amuzi kadhaa vya siku hizi, hasa vile vinavyotumia Android, ni kompyuta ndogo zenye kerneli ya Linux ndani yake. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi, sehemu inayosimama kati ya programu na vifaa. Ndani ya kerneli hiyo mna viendeshi vinavyopokea mimweko na vimya kutoka kwa kipokezi, na mna programu ndogo ndogo zinazofasiri mfuatano huo kuwa namba ya kitufe. Programu hizo kwa kweli zinastahili kuitwa ving'amuzi pia, maana kazi yake ni kung'amua. Neno lililoundwa kwa ajili ya kisanduku cha televisheni linaweza kuhamishiwa ndani ya kerneli bila kulazimishwa, kwa sababu lilitokana na kitenzi kinachotaja kazi, na kazi yenyewe ni ileile.

Watunzi wa kerneli walikabiliwa na swali gumu: ving'amuzi hivi vitajaribiwaje bila kukusanya mezani rimoti za kila kampuni duniani? Jibu lilipatikana kwa hatua mbili. Mwaka 2010 David Härdeman aliandika kiendeshi kisicho na kifaa chochote nyuma yake, ambacho kila kinachotumwa kupitia kwake hukirudisha kama kitu kilichopokewa. Baadaye Sean Young, mtunzaji wa sehemu hiyo ya Linux, aliandika jaribio linalokitumia kiendeshi hicho. Faili lake lina tarehe ya 2018. Jaribio huchagua namba kwa kubahatisha, huiagiza kerneli iigeuze kuwa mimweko na vimya kwa mtindo fulani, huiacha izunguke na kurudi, kisha huuliza: je, namba iliyong'amuliwa ni ileile iliyotumwa? Swali hilo huulizwa katika milango miwili tofauti ambamo programu za kawaida hupata habari za rimoti, na hurudiwa kwa mtindo mmoja baada ya mwingine, NEC, RC-5 ya Philips, ile ya Sony na mingineyo mingi.

Kuna jambo moja katika jaribio hilo ambalo mwanaisimu hapaswi kulipita haraka. Kerneli inatambua lahaja tatu za mtindo wa NEC. Katika lahaja ya kwanza, anwani na amri zote mbili hufuatwa na vinyume vyake. Katika ya pili, ni amri tu yenye kinyume, na nafasi ya kinyume cha anwani hutumiwa kurefusha anwani. Katika ya tatu, hakuna kinyume chochote. King'amuzi huambiwa ni lahaja ipi kwa kutazama kama vinyume vipo. Sasa, ikitokea kwa bahati kwamba namba ya lahaja ya pili ina mafungu mawili ya anwani yanayokinzana kabisa, itasomwa kuwa ni ya lahaja ya kwanza. Hakuna aliyekosea, umbo moja limebeba fasiri mbili. Mwandishi wa jaribio aliligundua hilo na akaliandikia sharti kwamba namba za namna hiyo zirukwe. Kwa maneno mengine, kabla ya kujaribu alijua ni maumbo gani yana utata, na alijua sababu ya utata huo. Ni waundaji wangapi wa istilahi wanaoweza kusema vivyo hivyo kuhusu orodha zao?

Hapa ndipo hoja ilipo. Istilahi nyingi zinazopendekezwa katika majarida na makongamano hupitishwa katika jaribio la kamera tu. Nuru imeonekana: neno limechapishwa, lina kiambishi awali, lina mzizi wa Kibantu au wa Kiarabu, lina sauti nzuri. Kama maana iliyokusudiwa inafika, hilo haliulizwi. Ndivyo "ngamizi" ilivyopata kupendekezwa kwa maana ya kompyuta huku masikio ya wengi yakisikia maangamizi ndani yake. "Tarakilishi" imepata makao katika shule za Kenya, ilhali nje ya darasa, na Tanzania karibu kote, watu husema kompyuta. "Kitenzambali" hufundishwa katika orodha za msamiati wa shule za msingi, na mtoto aliyeikariri akifika nyumbani huomba apewe rimoti.

Lingewezekana jaribio la mzunguko. Kundi la kwanza la wanafunzi lipewe istilahi bila Kiingereza chake na liandike maelezo ya kitu hicho na kazi yake. Maelezo hayo, bila istilahi, yapelekwe kwa kundi la pili, ambalo litakitaja kitu linachodhani kinaelezwa. Kilichorudi kilinganishwe na kilichotumwa. Lichukuliwe neno "kiendeshi", ambalo makala haya yamelitumia tangu kichwa chake. Kwa msomaji asiyejua Kiingereza, linaweza kuwa programu inayoitawala rimoti, linaweza kuwa kifaa kinachozungusha diski, linaweza hata kuwa usukani. Likirudi kutoka kundi la pili katika maumbo matatu, si la kutupwa, ila sharti utata wake ujulikane na lipewe kijalizo: kiendeshi cha kifaa, kwa mfano. Wapendao kukopa wasifurahi mapema. "Dereva" ni mkopo wa zamani kutoka katika neno lilelile la Kiingereza, na ukiliweka katika kompyuta litarudi na matatu yake na makanga wake.

Ni haki kukiri kwamba mzunguko nao una upofu. Katika kerneli, anayeigeuza namba kuwa mimweko na anayeing'amua wanakaa nyumba moja. Wote wawili wakiuelewa mtindo wa NEC vibaya kwa namna ileile, watakubaliana na jaribio litafaulu. Tena kiendeshi cha Härdeman hakijui jua la saa saba, wala betri iliyochoka, wala kioo cha kipokezi kilichojaa vumbi la Kajiado. Kamati za istilahi hupatwa na upofu uo huo. Wanaounda, wanaohakiki na wanaoidhinisha wamesoma vitabu vilevile, na wote wana Kiingereza kichwani. Wanapoelewana, haijulikani kama wameelewana kwa Kiswahili au kwa kile Kiingereza kilichofichika nyuma yake.

Kwa hiyo jaribio la tatu haliepukiki, nalo hufanyika hewani, kati ya rimoti halisi na kipokezi halisi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliomhusisha mshirika kutoka Uswidi, IT+46, na Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi iliyopewa jina la Jambo OpenOffice. Kazi ya aina hiyo ina faida ambayo orodha haina: neno linakaa juu ya kitufe. Mtumiaji hulibonyeza akitarajia jambo fulani, na lisipotokea hujua palepale kwamba ameelewa visivyo. Ni masikitiko kwamba vyama vya wanafunzi vya Kiswahili vimejishughulisha zaidi na kubuni maneno kuliko kuyaweka juu ya vitufe.

Wapo watakaouliza haja ya yote haya, ikiwa watunzi wa kerneli huandikiana kwa Kiingereza na wataendelea kufanya hivyo. Swali hilo linawasahau wasioandika kerneli lakini wanaishi nayo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Fundi wa Kiserian alijifunza kazi kwa Kiswahili kutoka kwa fundi mwingine, na ndicho anachomfundishia mwanafunzi wake. Maadamu kasoro iko kwenye betri au mpira wa vitufe, lugha yake inamtosha. Akiletewa kisanduku ambacho rimoti yake inameta vizuri mbele ya kamera lakini hakisikii, kwa sababu programu iliyobadilishwa ndani yake inangoja mtindo mwingine, hana maneno ya kuulizia. Humwambia mwenye kisanduku anunue kingine. Fedha hizo zingesalia mfukoni mwa mteja, na ujuzi huo ungekuwa mikononi mwa fundi, iwapo sentensi moja tu ingekuwa imeandikwa kwa maneno anayoyang'amua.

Safari kutoka vyuo vya Nairobi hadi Kiserian ni ya matatu moja. Chama kinachotaka kuanza hakihitaji istilahi mia mbili. Kiendeshi, kerneli, king'amuzi, infraredi na mmweko zinatosha kwa muhula mmoja, na kila moja ipelekwe pamoja na washindani wake, rimoti kando ya kitenzambali, king'amuzi kando ya dikoda. Fundi asiulizwe ni neno gani analipenda, kwani kwa adabu atalichagua la mgeni. Apewe maelezo mafupi ya kutengeneza kitu fulani yaliyoandikwa kwa maneno hayo, kisha atazamwe anafanya nini. Matokeo yachapishwe katika jarida hili, pamoja na maneno yaliyoshindwa na jinsi kila moja lilivyoeleweka kombo, kama vile mwandishi wa jaribio la rimoti alivyoziacha wazi ndani ya programu yake namba alizoamua kuziruka, na sharti linaloonyesha ni kwa nini.