Ulanzi: Jina Halihalalishi Kilevi

Kila msimu wa mvua, vikombe vya mianzi vinapotundikwa katika mashamba ya Kilolo na Mufindi, tunasikia shubha ileile kwa baadhi ya waumini wa Iringa na Mbeya: ulanzi si khamri, ni maji ya mmea tu; tena sisi hatunywi, tunauza.

Ndugu Waislamu, tufanye insafu. Utomvu wa mwanzi mchanga uliokatwa ncha, kabla haujachacha, ni mtamu na ni halali. Mtume (S.A.W.) alikunywa maji ya tende zilizolowekwa, na yalipobadilika akayaacha. Lakini ulanzi hauhitaji kutiwa hamira. Huchacha wenyewe, na kikombe chenye masazo ya jana huuharakisha. Unaofika kilabuni ndani ya madumu ni kilevi.

Hoja ya jina haina mashiko. Abu Musa al-Ash'ari, alipotumwa Yemen, alimuuliza Mtume kuhusu vileo vya asali na shayiri vya huko. Jibu halikutazama jina wala asili, bali kipimo kimoja: chenye kulewesha ni haramu (Bukhari na Muslim). Vipi mwanzi wa Uhehe uepuke hukumu iliyoipata asali ya Yemen?

Ama muuzaji, hadithi aliyoipokea Tirmidhi inawalaani watu kumi katika khamri, wakiwamo mchukuzi, muuzaji na mwenye kula thamani yake. Mwenye mianzi na auze utomvu mbichi kwa anayeunywa papo hapo, au asuke matenga ya nyanya. Mwenye kuruzuku ni Allah.