Gukesh hakubahatisha, na Uasin Gishu inajua kwa nini

CHEPTIRET, Uasin Gishu

SI ajabu kwa msafiri anayeteremka hapa Cheptiret, penye njia panda ya barabara kuu ya Eldoret–Nakuru na ile iendayo Chuo Kikuu cha Moi, kuwakuta vijana wameuinamia ubao wa drafti, kete zao zikiwa vifuniko vya soda. Kama ilivyo desturi, watazamaji ndio wenye kelele. Na kila mchezo unapokwisha, hoja huwa ni ile ile: aliyeshinda amebahatisha, aliyeshindwa amejimaliza mwenyewe.

Hoja hiyo ndiyo iliyotawala vinywa vya mashabiki wa sataranji ulimwenguni Desemba 12, 2024, siku ambayo Dommaraju Gukesh wa India alimbwaga Ding Liren wa China jijini Singapore na kutawazwa bingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 18. Matokeo yalikuwa 7.5 kwa 6.5 baada ya michezo 14. Garry Kasparov, aliyeshikilia rekodi ya bingwa asiyepingwa mwenye umri mdogo zaidi, alikuwa na miaka 22 alipotwaa taji hilo mwaka wa 1985.

Kilichowagawa mashabiki ni namna pambano lilivyomalizika. Mchezo wa mwisho ulikuwa ukielekea sare, Gukesh akiwa na askari wawili dhidi ya mmoja wa Ding, jambo ambalo kwa wachezaji wa kiwango hicho halitoshi kuleta ushindi. Ndipo Ding, katika hatua yake ya 55, akaisogeza ngome yake mahali ambapo ingeweza kubadilishwa, na baada yake maaskofu nao wakabadilishwa. Mfalme wake akabaki peke yake mbele ya askari asioweza kuwazuia. Gukesh alipoliona kosa hilo alishindwa kuuficha mshangao wake.

Wakosoaji hawakukawia. Vladimir Kramnik, bingwa wa zamani kutoka Urusi, alikuwa miongoni mwa waliolidharau pambano hilo hadharani. Wengine walikumbusha kwamba Magnus Carlsen wa Norway, aliyelishika taji kuanzia mwaka wa 2013, hakushindwa na mtu bali aliamua tu kutolitetea, na kwamba Ding alikuwa amepitia miezi mingi bila kushinda mchezo wa muda mrefu. Kwa hesabu yao, kijana huyo alikuwa ameokota taji lililoachwa njiani.

Miezi sita baadaye mabishano yaliwaka upya. Katika mashindano ya Norway Chess mjini Stavanger, Juni 1, 2025, Gukesh alimshinda Carlsen kwa mara ya kwanza katika mchezo wa muda mrefu, baada ya kubanwa kwa saa nyingi. Carlsen aliipiga meza kwa ngumi, kete zikatawanyika, kisha akamwomba kijana radhi. Picha za ngumi hiyo zilitazamwa kuliko mchezo wenyewe. Ni wachache waliokumbuka kutaja kwamba mwishowe Carlsen ndiye aliyeibuka mshindi kwa alama 16, Fabiano Caruana wa Marekani akawa wa pili kwa 15.5 na Gukesh wa tatu kwa 14.5. Kila upande ulichagua tokeo lililoufaa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mabishano hayo yote yanalikwepa swali lenye uzito. Kosa la Ding lilitokea katika mchezo wa 14, na mtu hafiki mchezo wa 14 wa fainali ya dunia kwa kosa la mwenzake. Ili kumkabili Ding, Gukesh alilazimika kwanza kuongoza wachezaji wanane wa mchujo wa Toronto, Aprili 2024, kwa alama 9 katika raundi 14. Je, alifikaje Toronto?

Hapo ndipo Chennai inapoingia. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 nafasi za mchujo zilikuwa zikikaribia kujaa, na Gukesh alihitaji alama zaidi za msimu. Desemba mwaka huo, wenye mamlaka ya michezo katika jimbo la Tamil Nadu waliandaa kwa haraka mashindano ya wachezaji wanane mjini Chennai, nyumbani kwake. Gukesh na mwenzake Arjun Erigaisi walimaliza wakiwa sawa kwa alama 4.5 katika raundi saba, Gukesh akapewa ushindi kwa kanuni za kutenganisha. Alama hizo zilimsaidia kupata tiketi ya Toronto. Mashabiki wengi wa Ulaya walikasirika, wakidai mashindano yalikuwa yameshonwa kama suti ya mtu mmoja.

Msomaji wa Uasin Gishu hana sababu ya kushangaa. Mwanariadha anapotafuta muda wa kufuzu, anatafutiwa mbio. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 Septemba 18, 2021 katika mashindano ya Kip Keino Classic, Kasarani, na kuweka rekodi ya Afrika bila kulazimika kuvuka bahari.

Mfanano hauishii hapo. Wageni wamekuwa wakilitafuta siri la wakimbiaji wetu katika hewa ya milimani, katika maziwa ya mursik, hata katika urefu wa miguu. Wanasahau kwamba milima ilikuwepo siku zote, na kwamba Ndugu Colm O'Connell alipofika Shule ya Upili ya St Patrick's, Iten, mwaka wa 1976, kilichofuata kilikuwa ni kazi ya shule: mwalimu, ratiba, na wavulana wengi wakisukumana kila alfajiri. Humo alipita Peter Rono, mshindi wa dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka wa 1988, na Matthew Birir, aliyeshinda mbio za kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka wa 1992. Chennai nayo ina shule zake za Velammal, zilizowalea Gukesh na Praggnanandhaa, na juu yao yupo Viswanathan Anand, grandmasta wa kwanza wa India tangu 1988, ambaye ni kwao kama Kipchoge Keino alivyo kwetu.

Afrika haijakosa vichwa. Robert Gwaze wa Zimbabwe alishinda michezo yake yote tisa kwenye ubao wa kwanza katika Olimpiadi ya Bled, mwaka wa 2002, jambo ambalo Alekhine alikuwa amelifanya mwaka wa 1930. Pamoja na hayo Gwaze hakupata cheo cha grandmasta. Amon Simutowe wa Zambia alikipata, lakini baada ya kwenda kusoma Marekani na kucheza Ulaya. Kwa jirani zetu wa Uganda, Phiona Mutesi alitoka mtaa wa mabanda wa Katwe hadi kwenye filamu ya mwaka wa 2016; cheo alichokipata alikipatia Istanbul mwaka wa 2012.

Sababu imo ndani ya kanuni. Anayetaka ugrandmasta hana budi kufikisha alama 2500 za viwango, na juu ya hilo kufanya vyema kwa kiwango cha 2600 katika mashindano ya angalau michezo tisa, akikutana na grandmasta wasiopungua watatu na wapinzani wa mataifa mengine. Kwa kawaida hilo hufanywa mara tatu. Kijana wa Kesses anaweza kuwashinda wote wa kaunti hii kwa miaka kumi na asisogee hata hatua moja kuelekea cheo hicho, kwa kuwa hao wa kumpimia hawapo.

Kenya ilituma timu Chennai mwaka wa 2022 na Budapest mwaka wa 2024, ambako India ilinyakua dhahabu ya wanaume na ya wanawake. Hata hivyo, habari ya sataranji ya Kenya iliyosambaa zaidi duniani ni ya Aprili 2023, mwanamume alipojifunika niqabu na kuingia kitengo cha wanawake katika mashindano ya wazi ya Nairobi. Dunia ilicheka. Aliyefanya hivyo alikiri kwamba alikuwa na shida ya fedha, na sehemu hiyo haikuwachekesha waliozoea kujilipia nauli na ada ya usajili.

Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 15, 2024. Ina uwanja wa ndege wa kimataifa, ina hoteli zilizozoea wageni wa riadha, na wadhamini wake wamekuwa wakigharamia mbio za Eldoret City Marathon tangu 2018. Mashindano ya watu kumi yanahitaji ukumbi mmoja, meza tano, saa na mwamuzi, kwa siku tisa. Wakialikwa wageni watano, watatu kati yao wakiwa grandmasta, nafasi tano hubakia kwa Wakenya. Ni tiketi tano za ndege kuja huku, mahali pa tano za kwenda Ulaya, na mwaka unaofuata wengine watano wanaketi kwenye viti hivyo hivyo.